Bima kamili, na ile sehemu unayolipa mwenyewe

Swali ninalolisikia kuliko yote kuhusu bima ya gari hapa Mombasa ni hili: "Mimi nina komprehensivu, nimelipa kila kitu, mbona gereji inanidai tena?" Anayeuliza ana bima kamili, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, na huwa amesimama kando ya gari hilo lililokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi. Ufunguo uko kwa meneja wa gereji, naye haruhusiwi kuutoa mpaka alipwe labda shilingi elfu thelathini. Wengi huondoka hapo wakiamini wamedhulumiwa, na mwaka unaofuata hurudi kwenye bima ya thedi pati, ile inayolipia tu madhara uliyowasababishia wengine, kwa hasira tu.

Pesa hizo ndizo zinazoitwa eksesi. Ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe, kisha kampuni hulipa iliyobaki. Ukiumia hasara ya laki moja na eksesi yako ni elfu thelathini, kampuni inalipa elfu sabini. Haina uhusiano na nani alikuwa na makosa barabarani, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Nitaeleza kama nilivyoiona kwenye karatasi zangu na za watu wangu wa karibu, maana ukiisikia kwa jumla jumla utadhani umeielewa.

Wakala wangu ni mama mtu mzima mwenye ofisi ndogo ghorofani, karibu na Moi Avenue. Siku niliyokwenda kukata bima ya gari langu aliniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya ada, na ya pili jedwali la mkataba. Akaifunika ile ya kwanza kwa kiganja.

"Mwanangu, hii ya ada kila mtu huisoma. Tuanze na hii nyingine, kwa sababu siku ukija hapa na gari limepondeka, hii ndiyo tutakayoishika."

Namshukuru mama yule mpaka leo, kwani mawakala wengi hukutajia ada, wakachukua M-Pesa, wakakutumia cheti kwa simu na biashara ikaisha. Cheti kinaonyesha nambari ya gari na tarehe ya mwisho. Eksesi haimo kwenye cheti. Imo kwenye jedwali la mkataba, na hilo usipoliomba huenda usilione mpaka siku ya ajali.

Gari langu lilithaminiwa shilingi 1,200,000. Kiwango cha ada kilikuwa asilimia 4, yaani 48,000, na juu yake tozo za kisheria: asilimia 0.2 ya ada kwa ajili ya mafunzo, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima, na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla ikawa 48,256. Hiyo ndiyo bei ambayo mtu huilinganisha anapozunguka kutoka wakala hadi wakala. Kisha tukateremka kwenye eksesi, mstari mmoja mmoja. Gari langu likiharibika, asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue 15,000. Likiibiwa likiwa na kifaa cha kuzuia wizi, asilimia 10 ya thamani. Bila kifaa, asilimia 20. Likiwa na traka (kifaa cha kufuatilia gari liliko) inayofanya kazi, asilimia 2.5. Nikiharibu mali ya mtu mwingine, 7,500. Na dereva akiwa hajatimiza miaka 21, au leseni yake haijafikisha mwaka, 5,000 nyingine juu ya hizo.

"Asilimia 2.5 ya nini?" nikamuuliza.

"Ahaa, hapo umeuliza. Ya thamani ya gari. Si ya hasara."

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Kwa gari langu, asilimia 2.5 ya thamani ni shilingi 30,000, na haibadiliki. Nikivunja taa ya 40,000 nalipa 30,000, na kampuni inanipa 10,000. Nikipondwa hasara ya 400,000 bado nalipa 30,000 ile ile. Mkataba kama huu una faida pale ajali inapokuwa kubwa, na kwa ajali ndogo haukusaidii sana. Shemeji yangu aliye Tanga ana mkataba unaohesabu asilimia 10 ya dai, na chini yake kuna kiwango cha chini kisichopungua. Kwake eksesi hupanda kadiri hasara inavyopanda. Tulipolinganisha karatasi zetu kwenye sikukuu moja, kila mmoja alidhani wa mwenzake ndio nafuu mpaka tulipotoa kalamu na kupiga hesabu ya ajali ndogo, ya kati na kubwa. Asilimia peke yake haikwambii kitu kabla hujajua ni asilimia ya nini.

Ajali yenyewe ilitokea nikiwa kwenye foleni ya asubuhi nikitoka upande wa Kongowea kuelekea Daraja la Nyali. Magari yalikuwa yamesimama. Pikapu iliyosheheni magunia ya viazi kutoka sokoni haikuwahi kusimama, ikanigonga nyuma upande wa kushoto. Bampa lilikatika, taa ikavunjika, buti likajikunja kwa ndani, na ukingo wa bampa ukachana tairi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Dereva wa pikapu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliomba radhi papo hapo, kisha akatoa elfu kumi mfukoni.

"Dada, tafadhali pokea hizi, tuandikiane tu kwamba yameisha. Hili gari ni la bosi."

Nilimwonea huruma, lakini sikuandika kitu, na sababu yake inafaa kujulikana na kila mwenye bima kamili. Kampuni ikishakulipa, inarithi haki yako ya kumdai aliyekugonga, ili airudishie pesa iliyokulipa. Ukiwa tayari umesaini karatasi kandokando ya barabara kwamba "yameisha" na humdai tena, umeiuza haki ile kwa elfu kumi, na kampuni ina sababu ya kukataa kukulipa. Na wewe mwenyewe pia umejifungia mlango wa kudai eksesi yako. Nikamwambia kwa upole tusubiri trafiki. Nikapiga picha za magari yote mawili, nambari zake, leseni yake na cheti chake cha bima. Tukaenda kituoni, tukio likaandikwa kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), na baadaye nikapata abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali, iliyotaja gari lililosababisha na kampuni iliyolikatia bima.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumdai mwenye pikapu na kampuni yake moja kwa moja, kama mtu wa tatu. Njia hiyo haina eksesi kwa upande wangu, kwani situmii bima yangu. Tatizo ni muda: kampuni ya mwenzako haina mkataba nawe, wala haina haraka nawe. Pia watu wengi hawajui kwamba ile bima ambayo sheria ya Kenya inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, chini ya Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali unalipwa kwa sababu mkataba wa thedi pati umeuongeza, na mikataba haifanani. Njia ya pili ni kutumia bima yangu mwenyewe, gari litengenezwe, nilipe eksesi, kisha niifuatilie eksesi hiyo kwa aliyenigonga. Nilihitaji gari kwa kazi za kila siku. Nikachagua ya pili.

Hapa watu hupandwa na hasira: "Nimegongwa nimesimama, kwa nini nilipe mimi?" Nami niliumia moyo, lakini ukiutazama mkataba utaona mantiki. Bima yangu ya uharibifu wa gari ni makubaliano kati yangu na kampuni yangu. Inanilipa hata kama ningeliparamia mwenyewe kwenye ukuta. Haiulizi kosa ni la nani ili inilipe, na kwa hivyo haiulizi pia ili inikate eksesi. Suala la kosa linashughulikiwa kwenye mlango mwingine, kule kwa aliyenigonga.

Gereji ndiko nilikokutana na jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko ajali. Fundi wa bodi, mtu hodari wa kazi yake, aliniita pembeni. "Usijali kuhusu eksesi, tutaimeza ndani ya kazi. Tunapandisha makadirio kidogo, na ule mkwaruzo wa zamani wa mlango wa mbele tunaunganisha humo humo." Husemwa kwa sauti ya msaada, na kwa kweli wengi hulipokea kama msaada. Ni udanganyifu, na mwenye dai ni wewe, jina lako ndilo lililo kwenye fomu. Asesa, yaani mkaguzi anayetumwa na kampuni kukadiria hasara, akiligundua, dai zima linaweza kukataliwa. Kisha fikiria kama fundi: ikiwa elfu thelathini hazitalipwa na mwenye gari, lazima zitoke mahali. Zitatoka kwenye taa iliyotumika badala ya mpya, au kwenye putty nene chini ya rangi, ambayo kwa hewa yetu ya chumvi itaanza kutoa malengelenge kabla ya mwaka kwisha. Na ule mkwaruzo wa zamani ni tukio jingine, lenye eksesi yake. Ajali mbili ni eksesi mbili, hata gari likiwa moja.

Nikamjibu, "Fundi, andika kilichovunjika leo tu." Akaandika.

Asesa alikuja na kamera na kijitabu. Nilimtazama akifanya kazi na nikamheshimu. Alipita kidole kwenye mkunjo wa buti kuona chuma kimefika wapi, akalala chini kuangalia kama chasi imeguswa, akapima kina cha kashata za tairi lililochanika. Ripoti yake ilipotoka niliiomba nakala na kuisoma mstari kwa mstari. Jumla ya matengenezo 142,000. Makato mawili. La kwanza eksesi, 30,000. La pili liliandikwa kama mchango wa mwenye gari kwenye tairi, 4,800.

Nikampigia mama wakala. Akanieleza kwamba hilo la pili si eksesi na lisichanganywe nayo. Tairi jipya lilikuwa 12,000, na langu asesa alilikuta limekwisha tumika asilimia 40. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, haikupandishi juu ya hapo, kwa hivyo ile asilimia 40 ni yangu. Nilikubali. Kampuni ikalipa 107,200, mimi nikalipa 34,800, na kila shilingi niliijua ilikotoka. Mtu aliyepewa jumla peke yake angeondoka akisema eksesi imepandishwa kwa siri.

Risiti ya eksesi niliitaka iandikwe peke yake, na hiyo ndiyo karatasi iliyonisaidia baadaye. Niliandika barua ya madai kwa mwenye pikapu, nakala kwa kampuni yake, nikaambatanisha abstrakti, ripoti ya asesa, risiti ya eksesi na gharama za teksi za zile siku gari lilipokuwa gereji. Mwanzoni kimya. Kwenye barua ya pili nikataja kwamba nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Eksesi ya elfu thelathini haiwezi kubeba ada ya wakili, ndiyo maana zamani watu waliiacha ipotee. Kampuni ile ilinipigia kabla sijafungua kesi. Walirudisha eksesi yote, na nauli zile zenye risiti. Mchango wa tairi sikuudai, kwani nilikwisha kupata tairi jipya.

Si kila eksesi hurudi. Ukigongwa na gari lililokimbia, au ukiteleza mwenyewe kwenye mvua ya masika, hakuna wa kumwandikia barua.

Tangu wakati huo kuna mambo nimeyaacha bila kuyapeleka kwa kampuni, na nadhani nimefanya sawa. Toroli la duka kuu lilinichubua mlango kwenye maegesho ya Nyali, na fundi akataka 14,000. Hiyo iko chini ya eksesi yangu, kwa hivyo bima haingenilipa hata senti, na dai lingebaki kwenye kumbukumbu zangu wakati wa kuhuisha mkataba. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini eksesi ipo. Kila dai, hata la mchubuko, linahitaji fomu, asesa, barua na ukaguzi wa mwisho. Kampuni ikilazimika kufungua faili kwa kila toroli, ada yangu ya 48,000 ingekuwa kubwa zaidi. Nabeba madogo mwenyewe ili makubwa yabebeke kwa bei ninayoiweza. Lakini kioo cha mbele kilipopasuliwa na kokoto iliyoruka kutoka kwenye lori karibu na Mariakani, nilidai bila kusita. Katika mkataba wangu kioo cha mbele kina fungu lake la hadi 50,000, na fungu hilo halikatwi eksesi. Nimeona watu wakilipa kioo kutoka mfukoni wakidhani ile 2.5 inagusa kila kitu.

Wakati wa kuhuisha nilichukua pia kinga ya eksesi. Ni nyongeza ndogo kwenye ada; kwangu ilikuwa 5,000 kwa mwaka, na nikipata ajali kampuni inaifuta ile 30,000. Hesabu yake ni rahisi: miaka sita ya kinga ni sawa na eksesi moja. Kwa mtu anayepambana kila asubuhi na matatu na tuktuk, dai moja kwa miaka sita si jambo la mbali, kwa hivyo kwangu inafaa. Baba yangu Kilifi hutoa gari Ijumaa na siku ya kwenda hospitali tu, na nilimshauri aiache, aweke akiba ya kiasi cha eksesi mahali atakapoipata haraka. Aliye na deni la gari na asiye na akiba kabisa namshauri aichukue hata kama anaendesha kidogo, kwani gari lililotengenezwa halafu likakaa gereji wiki tatu kwa kukosa eksesi ni hasara nyingine. Ila uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, inafanya kazi mara ngapi kwa mwaka, na je, inagusa wizi? Yangu ni mara moja tu, nikiitumia nalipia upya, na wizi haumo.

Wizi ndio uliomuumiza binamu yangu. Gari lake, la thamani ya 900,000, liliibwa usiku Changamwe nje ya nyumba ya kupanga. Halikuwa na kifaa chochote kilichotambuliwa na kampuni, kwa hivyo eksesi ikawa asilimia 20, shilingi 180,000. Alilipwa 720,000. Lakini gari lilikuwa limenunuliwa kwa mkopo wa SACCO, na pesa zilipitia huko kwanza. Baada ya deni kukatwa alibaki na kiasi kisichotosha hata malipo ya kwanza ya gari jingine, na familia nzima tukachanga. Nilikaa naye tukalisoma jedwali lake pamoja. Wakala wake alikuwa amempa bei nafuu kuliko yangu, pungufu ya elfu chache kwa mwaka, na hakumtajia kwamba traka ingeshusha eksesi ya wizi kutoka 180,000 hadi 22,500. Hilo liliniuma sana, kwa sababu ni sentensi moja tu iliyokosekana siku ya kuuziana.

Gari alilonunua baadaye lina traka, na eksesi ya wizi kwenye mkataba wake mpya ni asilimia 2.5. Huduma ya traka huilipia kila mwaka na hupeleka cheti chake kwa wakala kabla ya kuhuisha bima, kwa kuwa mkataba wake unasema wazi kwamba traka isiyofanya kazi siku ya wizi inahesabiwa kuwa haipo.